Karatasi ya Mguu wa Kati

Umewahi kuota ukitembea ndani ya mafuta? Mimi nimeota hivyo kwa miaka thelathini na minne. Si mafuta ya kupikia. Ni yale mepesi, rangi ya chai ya rangi isiyokolea, yanayojazwa ndani ya transfoma. Katika ndoto hiyo natembea polepole, leso yangu inaelea nyuma yangu, na sioni chumba kinaishia wapi. Kila kitu kinavuma, mmm, kama akina mama wa kwaya yetu wanaotafuta sauti kabla wimbo haujaanza. Mbele yangu kuna nguzo tatu zilizovikwa karatasi. Naifikia ya katikati, nanyoosha mkono, na hapo ndipo naamka.

Wacha nieleze ilikotoka.

Nilifanya kazi Thika, upande wa viwanda, kwenye karakana ya kutengeneza transfoma. Siku hizi haipo, pamegeuzwa stoo ya chakula cha kuku. Wanaume walizungusha nyaya za shaba, na sisi wanawake sita tuliivisha shaba hiyo karatasi. Watu wengi hawajui kwamba ndani ya lile sanduku la chuma linalovuma kuna karatasi. Iko, tena nyingi, na ndiyo inayozuia stima isiruke kutoka waya mmoja hadi mwingine ikawasha moto. Yetu ilikuwa ya kaki, ukanda wa upana wa vidole viwili. Kila mzunguko ulilazimika kulala juu ya nusu ya ule uliotangulia. Ukimaliza safu moja unarudi na nyingine, mpaka zitimie sita. Kisha vyote viliingizwa katika jiko kubwa kama chumba, vikakaushwa siku tatu mpaka unyevu uishe, ndipo vikazamishwa kwenye mafuta na kifuniko kikafungwa.

Msimamizi wetu, Mzee Muriithi, alizoea kusema, "Shaba haizeeki. Mafuta yanabadilishwa. Umri wa transfoma ni umri wa karatasi yake." Kitu alichokichukia ni maji. Joto huizeesha karatasi taratibu, lakini joto likikutana na maji, karatasi inazeeka kama mtu mwenye shida. Kwa hiyo tulipangusa mikono kwa kitambaa cha pamba kila mara, na mwenye jasho aliambiwa akakae nje kwanza. Beth, niliyekaa naye benchi moja, alikatazwa hata kucheka akiwa ameinamia kazi, mate yasiruke. Na Beth alikuwa mtu wa kucheka.

Mama yangu, Warigia, alifariki mwezi wa Juni, mwaka wa tisini. Tulimzika Jumamosi. Jumatano nikarudi kazini, kwa sababu kulikuwa na transfoma ya kiwanda kimoja cha nyuzi hapo hapo Thika na ilikuwa ikingojewa. Transfoma ya namna hiyo ina miguu mitatu ndani, na juu ya kila mguu unatokea waya mnene wa kupeleka stima nje. Beth alipewa waya wa kulia, mimi nikapewa wa mguu wa kati.

Sikuwa nalia, ila machozi yalitoka yenyewe, kama mfereji uliokwisha mpira. Na machozi ni maji. Basi niligeuza uso pembeni yasianguke juu ya karatasi, nikaendelea kuvisha kwa vidole bila kutazama. Vidole vilijua kazi, au nilidhani vilijua.

Nilipomaliza nilibaki na ukanda mkononi, urefu wa kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Kanda zetu zilikatwa kwa kipimo. Ukanda ukibaki, maana yake kuna mahali umenyima, mahali mizunguko imeachana. Nilisimama nao. Mzee Muriithi alipita akaniwekea mkono begani, akasema, "Pole, mama. Umefanya vizuri kuja." Nikautia ule ukanda mfukoni. Jioni, nyumbani, niliutia jikoni, ukashika moto mara moja na kuisha, kana kwamba haukuwapo.

Ndoto ilianza wiki hiyo hiyo.

Kila nilipokwenda sokoni Thika nilipita nyuma ya kile kiwanda. Transfoma iko uani, na hatua nne tu kutoka hapo ni ukuta wa chumba ambamo wanawake kama sitini wanasokota nyuzi. Nilisimama kidogo nikasikiliza. Ikivuma sawa, nilienda kununua nyanya zangu. Siku za joto kali sikununua kitu, nilirudi nyumbani tu. Nilijua kwamba pale pembamba pakifunguka, moto hautauliza nani alifiwa.

Mwaka jana, mwezi wa Februari, nilikuwa nimekaa nje hapa Murera nikichagua maharagwe ya githeri, nikaona Kinuthia akija. Kinuthia ndiye fundi wa stima wa kile kiwanda, nimemjua tangu nikiishi Makongeni. Alikuwa na msichana aliyejifunga mtandio na kuvaa viatu vizito vya kazi.

"Mama Kiama, nimekuletea mgeni. Anaitwa Leila. Ni injinia wa kampuni ya huko Ruiru, wanapima mafuta ya transfoma."

"Karibu, mami. Utakula githeri?"

"Nitakula, shosho," akasema, kama anayemwita nyanya yake. "Kinuthia amesema yako haina mawe."

"Na Kinuthia amekula yangu mara ngapi hata ajue?"

"Kila harusi, Mama Kiama," Kinuthia akasema. "Na meno yangu yote bado yako."

"Yote matano."

Leila alicheka akakaa kwenye kigoda, akaanza kunisaidia kuchagua maharagwe bila kuambiwa. Akaeleza kwamba mwenye kiwanda anataka kuongeza mashine, na transfoma itabeba mzigo mkubwa zaidi na kupata joto zaidi. Yeye ndiye wa kusema kama itaweza au haitaweza. Kwa kawaida hawafungui. Wanateka chupa ya mafuta kwenye bomba la chini, wanapeleka kupima. Karatasi ikizeeka inakatika vipande vidogo sana visivyoonekana, na alama zake zinaingia kwenye mafuta.

"Ni kama supu, shosho. Ukiionja unajua nyama imechemka muda gani."

"Na supu hii inasemaje?"

"Inasema karatasi ni changa. Miaka thelathini na minne, na ni changa kuliko mimi. Sikuamini. Kitabu cha zamani cha kumbukumbu kimepotea, ndiyo nikauliza kama kuna mtu yuko hai kati ya walioivisha."

Niliendelea na maharagwe yangu. Halafu nikauliza, "Haya mafuta yalisafishwa lini?"

Kinuthia akawaangalia kuku.

"Kinuthia."

"Si juzi tu."

"Juzi gani?"

"Mwaka juzi. Walikuja na mashine, wakayapitisha kwenye chujio siku mbili. Yalikuwa yamegeuka kama kahawa, yakatoka meupe, mazuri kabisa."

Leila aliacha maharagwe. "Haiko kwa kitabu."

"Kitabu kilikuwa kwa ofisi, na ofisi ilikuwa imefungwa."

"Kwa hivyo mlimwaga supu mkaweka maji moto, halafu mkaniita nionje."

"Ukisema hivyo inakaa vibaya," Kinuthia akasema.

"Mafuta yameoga," nikamwambia Leila. "Karatasi haijaoga. Uzee wake uko pale pale."

Leila alipangusa mikono. Kisha akasema basi hakuna njia nyingine, itabidi ichukuliwe karatasi yenyewe. Jumapili kiwanda kimefungwa. Watazima stima, watapunguza mafuta, watafungua mlango mdogo ulio juu ya kifuniko na kukata kipande cha ukubwa wa ukucha kutoka kwenye mmoja wa zile nyaya za juu, kule joto linakopanda. "Ni nyaya tatu. Wewe shosho ungekata wapi?"

Upepo ulipita kwenye mahindi ya jirani. Nilikuwa na harage moja katikati ya vidole, jekundu lenye doa jeupe, nikaliona kubwa kama yai. Ningeweza kusema waya wa kulia. Wangekata karatasi ya Beth, nzuri, iliyolala sawasawa, wakaenda nyumbani, na mashine mpya zikaletwa zikawashwa. Nani angejua.

"Mguu wa kati," nikasema.

"Kwa nini?"

"Wa kati hubanwa na wenzake. Ndio unaopata joto zaidi." Hilo lilikuwa kweli, ila halikuwa kweli yote. "Na mimi nitakuja."

Jumapili hiyo nilikosa kanisa. Kinuthia alizima stima, akapima, akafunga waya mnene wa kwenda ardhini, akapima tena. Mvumo ulipokatika nilihisi kama mtu ameniondolea kilemba kichwani. Sikuwa nimewahi kusikia ua ule ukiwa kimya. Nikasikia ndege. Nikasikia mto Chania kwa mbali, kumbe muda wote ulikuwa ukipita hapo. Mafuta yalitiririka ndani ya mapipa bila sauti, jua likaingia ndani yake, na sikuwa na hakika kama nimesimama nje ya ndoto au ndani.

Kinuthia alitengeneza jukwaa la mbao lenye ngazi. "Mama Kiama, hii si ngazi ya kwaya ya kanisani. Shikilia."

"Wewe shikilia ngazi, mimi nitajishikilia."

Nilipanda. Kifuniko kilifunguliwa, na ile harufu ikanijia usoni, ya mafuta na karatasi na chuma, ya kitu kilicholala muda mrefu. Leila aliwasha tochi akachungulia, na mimi nikachungulia kando ya bega lake. Zilikuwa tatu, zimesimama kwenye giza la dhahabu. Karatasi ya kaki ilikuwa imekuwa kahawia.

Majibu yalikuja baada ya siku kumi, nayasema sasa maana najua unayangoja. Nguvu ya karatasi mpya hupimwa ikawa elfu moja na kitu. Ikishuka hadi mia mbili inavunjika kama jani kavu la ndizi. Yetu ilikuwa mia nne na thelathini. "Si bibi harusi, shosho, lakini si maiti," Leila aliniambia kwa simu. Akaandika kwamba transfoma iendelee na mzigo ule ule wa zamani, na mashine mpya zitafutiwe yake. Lakini Jumapili ile hatukujua hayo. Tulijua tu kile tulichokiona.

Leila alikuwa ameshika mkasi karibu na maungio ya waya. "Hapa pako sawa. Nikate?"

Ningeweza kunyamaza. Pale alipogusa palikuwa pazuri, nilipaona.

"Teremka," nikasema. "Kiasi cha kiganja. Zungusha tochi upande wa nyuma."

Akateremsha. Mwanga ukatembea juu ya karatasi, mzunguko baada ya mzunguko, kisha ukasimama.

"Hapa zimeachana," akasema polepole. "Hapa ni nyembamba. Na ni nyeusi kuliko kwingine." Akahesabu safu kwa ncha ya kibanio. "Tatu. Juu kuna sita, hapa tatu. Nani alifanya hii?"

"Fundi mlevi tu," Kinuthia akasema kutoka chini. "Wakati ule walikuwa wanakunywa, we."

"Hakuwa mlevi," nikasema. "Ni mimi."

Nikawaambia yote, nikiwa nimeshika ukingo wa kifuniko. Jumamosi ya mazishi, Jumatano ya kazi, uso nilivyougeuza, ukanda uliobaki. Kinuthia alivua kofia. Leila hakusema pole wala hakunigombeza. Alikata kipande chake pale penye weusi, akakitia kwenye chupa, akaandika jina na tarehe. Mkono wake ulikuwa mtulivu.

Kisha akafungua mfuko uliozibwa, akatoa bunda la karatasi mpya, kavu, upana wa vidole viwili. "Haiwezi kufungwa hivi," akasema. "Pale pote pembamba pavishwe upya sasa, kabla hewa haijapata unyevu. Kinuthia, una mkono mzuri. Osha, kausha, upande."

Kinuthia akaanza kukunja mikono ya shati. Akaweka mguu kwenye ngazi.

"Shuka, Kinuthia," nikamwambia, na tayari nilikuwa napangusa vidole kwa kitambaa cha pamba, kimoja kimoja. "Nataka kuivisha mimi. Nimetaka hivyo tangu Jumatano ile."