Mapaja ya Denzil Trembath

Siku hiyo mjinga alikuwa Denzil Trembath, na mwenyewe hakatai. Ukimuuliza leo atakukubalia kabla hujamaliza swali, kwa sababu alimkalia Bibi Audrey bila hata kupiga hodi.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa Mei, saa nne na nusu asubuhi, siku ya tatu ya matembezi. Yeye na mkewe Wenna walikuwa wametoka kwenye nyumba ya wageni ya Porthkellow baada ya kifungua kinywa cha yai moja, uyoga na nyanya. Soseji zilikuwepo, Denzil alizitazama, nazo zikamtazama, wakaachana kwa amani. Walikuwa wanaifuata njia ya pwani, ile inayopita juu ya majabali ya Cornwall, Uingereza, mabegi yao makubwa yakitangulizwa kwa gari na wao wakibeba maji, makoti ya mvua na matofaa mawili. Siku sita, kilomita tisini na nne. Ilikuwa zawadi ya Wenna kwa mumewe, aliyepunguza kilo arobaini na moja katika miezi ishirini na miwili. Kila Jumanne jioni Denzil alipanda mzani katika ukumbi wa kanisa, Bi Maureen akaisoma namba kwa sauti, na kikundi kizima cha kupunguza uzito kikapiga makofi. Hata wiki ambazo namba ilipanda walipiga, maana Bi Maureen aliamini makofi yana kazi yake.

Ambacho Wenna hakukijua ni kwamba ndani ya shanta la mumewe, chini ya koti la mvua, mlikuwa na pasti moja ya moto iliyoviringishwa kwenye soksi safi. Ilikuwa kama sambusa kubwa ya kuoka, nene, imejaa nyama na viazi, pindo lake limesokotwa kama kamba. Denzil aliinunua asubuhi ile alipoaga kwamba anakwenda dukani kutafuta plasta ya malengelenge.

Njia ya kupanda jabali la Carrack ina ngazi ya vidato mia tatu na kumi, na gari haliwezi kufika. Wenna alikwama chini akizungumza na mwenye mbwa, kwani katika njia ile huwezi kumpita mbwa bila kuuliza jina lake na umri wake. Denzil akaona hiyo ndiyo nafasi yake. Alipanda vidato vyote bila kupumzika, kitu ambacho hakuwahi kukifanya maishani, akafika juu, akaona benchi, akajitupa juu yake na kufungua soksi.

Pwani ile watu wana adabu yao. Kila benchi lina kibao cha shaba chenye jina la marehemu, na marehemu huyo hukaa hapo. Kwa hiyo mtu husimama mbele ya benchi, husema, "Samahani, kuna nafasi?" kisha husubiri kidogo. Watoto hufundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kuvuka barabara. Denzil alizaliwa huko na kukulia huko. Harufu ya pasti ndiyo iliyomfuta akili.

"Mimi si mto," sauti ikasema chini yake.

Denzil akainuka na kuomba radhi. Bibi Audrey Hatherleigh wa London, aliyefariki miaka kumi na mmoja iliyopita, alinyoosha gauni lake na kuirekebisha kofia yake ya ukindu. Alisema hakuumia. Ingekuwa miaka miwili iliyopita, Denzil alikiri, hayo yangekuwa mazungumzo mengine. Bibi akasogea kushoto, akaupigapiga ubao kumwonyesha pa kukaa, na kumuuliza ni kitu gani hicho mkononi. Denzil akajibu kuwa ni dawa.

Wenna akatokea, anahema, uso mwekundu. Yeye alisimama mbele ya benchi kama inavyopasa. "Samahani, Bibi Audrey, kuna nafasi?"

"Ipo, mwanangu. Mumeo anakunywa dawa yenye viazi."

Wenna hakupaza sauti. Alisema maneno machache tu, lakini yalikuwa yamenolewa, na mwisho wake pasti ilihamia mkononi mwake. Bibi Audrey, aliyekuwa mtu wa kupenda suluhu baada ya kuwasha moto, akabadilisha mazungumzo. Alimwambia Denzil amsalimie mama yake basi, maana amesimama hapo nyuma muda mrefu.

"Tangu asubuhi?" Denzil akauliza.

"Tangu aje."

Denzil akageuka. Ivy Trembath alikuwa amesimama nyuma ya benchi, hatua mbili hivi, katika sare yake ya buluu ya hotelini na viatu bapa, mkono mmoja kiunoni, akihamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Kulikuwa na mabenchi saba pale juu, na kila moja lilikuwa na marehemu mmoja kwenye nafasi ya watu watatu. Nyuma ya mabenchi, hadi kwenye kichaka cha miiba yenye maua ya njano, walisimama wengine: mpishi, mtunza bustani, mzee mmoja aliyekuwa akifua mashuka. Walimwitikia Denzil kwa kichwa.

Miaka tisa iliyopita majivu ya Ivy yalimwagwa hapo Carrack, kama alivyotaka Denzil mwenyewe. Wenna na watu wa kanisa ndio waliopanda nayo. Denzil alikuwa na kilo mia moja arobaini na tatu wakati huo. Aliishia kidato cha ishirini, akarudi kukaa ndani ya gari, akasikiliza mvua ikipiga paa. Wafu wa pwani ile huchukua kama mwaka mmoja kufika mahali pao, kwa hiyo hata waliopanda siku ile hawakuona kitu. Tangu hapo, kila alipoulizwa habari za mama yake, Denzil alijibu kwamba yuko Carrack, anapumzika.

Benchi aliliomba. Fomu ya Kamati ya Mabenchi ilikuwa na swali moja kubwa: marehemu aliipendaje mandhari hii? Denzil akaandika kwamba mama yake alikuwa mhudumu wa vyumba katika hoteli ya Carrack Point kwa miaka thelathini na mmoja. Jibu lilikuja kwa upole, pamoja na rambirambi. Lilieleza kuwa mabenchi ni ya wale walioipenda mandhari, na waliokuwa hapo kwa ajili ya mshahara wanahesabiwa kuwa walikuwa kazini. Denzil aliitia barua hiyo kwenye droo ya betri. Alidhani ni suala la mbao tu.

"Umekonda," Ivy akasema. Kisha akamgeukia mkwewe. "Wenna, umemfanya nini mwanangu?"

"Nimemtembeza, mama."

"Hana mashavu."

"Mashavu tuliyaacha kwenye mzani. Sukari ilikuwa imeshajua mpaka anwani yetu."

Ivy akalifikiria hilo, akakubali kwamba huenda naye alikuwa na mkono wake. Kila jioni alirudi kutoka hotelini na masalio yaliyofungwa kwenye kitambaa cha meza: keki, viazi vya kuoka, vipande vya nyama ambavyo wageni walivigusa tu kwa uma. Alivipanga mezani, akasimama kando ya jiko, akamtazama mwanawe akila. Denzil akajaribu kukumbuka siku moja tu ambayo mama yake alikaa. Kwenye basi alisimama, akisema kwamba anashuka karibu. Kanisani alisimama nyuma, kwenye birika la chai. Alipougua mwisho alilazwa hospitali, na alimwomba radhi kila muuguzi aliyepita kwa kumkuta amelala.

Denzil akamuuliza miguu inaendeleaje. Ivy akajibu kuwa miguu ni miguu. Kusimama kuna faida yake, unamwona anayekuja kabla hajakuona. Kila Alhamisi Bwana Roskilly wa Kamati huja kung'arisha vibao, humsalimia vizuri sana, kisha humwomba asogee kidogo.

"Mbona hukuniletea habari?"

"Ili ufanye nini? Upande na mwili ule, ukafie kidato cha ishirini, tusimame wawili?"

Denzil akainuka na kumpisha. Bibi Audrey akasogea zaidi, bila kinyongo. Ivy akashika gauni, akajishusha, na alipofika nusu ya safari akasimama hewani kama mtu aliyekutana na meza. Ubao haukumpokea. Wakajaribu benchi la pili na la tatu, hadi la saba, wenyewe wakisogea kwa adabu. Bibi Audrey akasema anasikitika, alisahau kuwaambia. Walishajaribu mwaka ule wa kwanza, na kwa mto pia.

Wakarudi kwenye benchi la kwanza. Denzil akakaa, akainamisha kichwa kufikiri, na hapo akayaona mapaja yake.

Kwa miaka thelathini Denzil hakuwa na mahali pa kumpakata mtu. Tumbo lilianzia kifuani na kuishia magotini. Binti zake walipokuwa wadogo walipandishwa na kuteleza, kama paka kwenye paa lenye mvua, mpaka wakaacha kuomba. Sasa mapaja yalikuwa pale, mawili, marefu, yametandazwa tu bila kazi.

"Mama, njoo hapa."

Ivy akasema yeye si mtoto mchanga. Wenna akamwambia hakuna anayetazama isipokuwa wafu, nao hawana la kufanya. Ivy akalitazama lile paja la kulia, akalikung'uta kwa kiganja kama mtu anayetandika kitanda, akakaa. Akashuka mpaka chini. Ubao ukanyamaza. Akaunyoosha mguu mmoja, kisha wa pili, viatu bapa vikaning'inia juu ya majani, na akatoa pumzi ndefu iliyoinamisha maua ya njano kichakani.

Alikuwa na uzito wa kilo arobaini hivi. Denzil aliujua uzito huo. Aliubeba miaka mingi, ila haukuwahi kumkalia vizuri namna hii. Akashukuru. Alishukuru kwa kila Jumanne na kila kofi la Bi Maureen, kwa vidato mia tatu na kumi, kwa magoti yaliyokubali, kwa Wenna aliyeficha biskuti na kumwambia mahali zilipofichwa ili ajifunze kuziacha. Akamshukuru mama yake kwa viazi na keki pia, kwa sauti, asije akadhani mwanawe anamlaumu. Ivy akasema haya, haya, asimloweshe bega.

Wenna naye alikuwa amelainika. Akaivunja ile pasti, akampa Denzil nusu iliyo ndogo, na nyingine akaiweka wazi kwenye karatasi ili mvuke umfikie mama mkwe, maana wafu hushiba kwa mvuke. Ivy akasema pilipili manga imepungua.

Walimaliza matembezi yao Jumapili, bila lengelenge hata moja. Ivy hajapata benchi mpaka leo. Denzil aliandika tena, akajibiwa barua ileile, hata mkato ulikuwa mahali palepale. Lakini kila Alhamisi hupanda Carrack, na Bi Maureen, aliposikia, alikileta kikundi kizima cha Jumanne. Kila mwenye mapaja mapya humpakata mmoja wa waliosimama: mpishi, mtunza bustani, mzee wa mashuka. Wanakaa saa moja. Kisha walio hai wanashuka kwenda nyumbani, na wale wengine wanarudi kusimama hadi wiki inayofuata.

Hayo yalikuja baadaye. Alhamisi ile ya kwanza pasti ilikuwa haijapoa Bwana Roskilly alipofika na kopo lake la dawa ya shaba na kitambaa. Aliwasalimia wote, walio hai kwanza, akakinyooshea mkono kibao cha Bibi Audrey, na mkono wake ukasita.

"Bi Ivy. Umekaa."

"Nimekaa, Bwana Roskilly."

Akaweka kopo chini na kutoa kitabu cha kanuni mfukoni. Alisoma kurasa mbili, akilowesha kidole. Denzil akamwambia asijisumbue: yeye Denzil yu hai na ana haki ya kukaa, mama yake hajaugusa ubao wa Kamati, na mapaja ni mali yake binafsi, ameyatolea jasho. Bwana Roskilly akakiri kwamba habari ya mapaja haimo kitabuni. Hata hivyo, alisema, jambo hili si la ubao. Kuna maana nyuma ya kanuni, na yeye ndiye mlinzi wa maana hiyo.

"Mabenchi haya ni ya walioipenda mandhari hii," akasema, bila ukali. "Bibi Audrey hapa, kila Agosti, kabla hajagusa hata chai, alisimama saa nzima dirishani kwenye chumba namba kumi na nne akiitazama bahari. Hoteli yote inajua. Sasa wewe Bi Ivy, kwa heshima zote, miaka thelathini na mmoja, nani aliwahi kukuona umeitazama?"

Ivy hakuinuka. Aliyapanga vizuri mapaja ya mwanawe chini yake.

"Dirisha hilo nilikuwa nalifuta mimi kila asubuhi, Bwana Roskilly. Unadhani nilikuwa nalifuta nimefumba macho?"