Manyoya ya Januari

...na sasa saa nane imepita na Nozuko bado hajalisema neno lenyewe, na Yonela ameegemea ukingo wa njia ya mbao anawacheka pengwini, eti watazame, dada, na hawa wamefiwa, wamenyolewa vibaya, na kweli wamejazana juu ya miamba ya Betty's Bay, manyoya yanawatoka mafungu mafungu yakipeperuka, hawali, hawaogelei, wanangoja tu, na Nozuko akacheka naye, maana kichwa chake mwenyewe kilinyolewa wiki tano zilizopita kule nyumbani Cofimvaba, Mama alipozikwa, siku moja na cha Yonela, shangazi alitangaza mbele ya watu wote, mabinti wa marehemu waje wanyolewe, wote wawili, na nani angesimama kusema huyu mdogo ni mjukuu, waliojua walitazama chini, na Yonela akainamisha ile shingo yake nyembamba akanyolewa kama mtoto aliyefiwa na mama... Mwambie leo, Thobela alisema asubuhi wakijaza mafuta, kesho anapanda basi, shule zinafunguliwa, au utamwambia kwa simu? na Thobela ni mume mwema, amekwenda kupanga foleni ya samaki na chipsi makusudi, awaachie nafasi, atarudi sasa hivi na yale macho yake ya kuuliza, na ruhusa ipo, Mama mwenyewe aliitoa, alisema utamwambia nikishafukiwa, si kabla, sitaki kuuona uso wake, alisema huku anatwanga mahindi, hakuinua hata kichwa, na Nozuko alikuwa na miaka kumi na saba na mtoto wa wiki sita, na begi liko mlangoni, akapanda basi la Cape Town kifua kikiwa kimefungwa kitambaa, maziwa yakavuja njia nzima, na mwezi mzima baadaye, jikoni kwa watu, mtoto wa tajiri wake akilia yanatoka yenyewe, aproni inalowa, anajifungia chooni anayakamua yanakwenda na maji... halafu zile Desemba za kurudi nyumbani, kila mwaka viatu vipya, kila mwaka vidogo kwa namba moja, kwa sababu alinunua mguu aliouona mwaka uliopita, na Yonela akijibana humo bila kulalamika, asante dada, vimenitosha, na Mama nyuma yake anatazama pembeni... sasa, sema sasa, Yonela, kuna jambo, anza hivyo tu, Yonela, kuna...

Lakini mlinzi wa ndege alikuwa ameshuka miambani na boksi, mzee wa makamo, anapiga magoti polepole, akamnyanyua kinda mmoja wa kijivu, mwepesi, shingo imelegea, na Yonela akamuuliza baba, unampeleka wapi, mzee akasema kwenye nyumba ya kuwalelea, huyu ameachwa, ana njaa siku nyingi, na Yonela hakuridhika, akainama juu ya ukingo.

"Na mama yake akirudi kumtafuta?"

"Hajaenda popote," mzee akasema. "Si huyo hapo."

Na kweli, hatua mbili tu, ndege mkubwa kasimama, nusu ya manyoya hana, anatazama bahari, mzee anaeleza kwamba bila manyoya mapya maji yanampenya, akiingia atakufa, na samaki wako huko, basi hana cha kumlisha mwanawe, anasimama tu hapo... hatua mbili, Nozuko akawaza, mimi nilikuwa saa kumi na tano kwa basi, na moyo ukamuuma kweli kweli, lakini ukafunguka pia, huyu mzee kashaanza kunisemea, sasa nimalizie mimi, sikukutupa mwanangu, sikuwa na manyoya... na mdomo ulikuwa umeshafunguka.

"Mama yangu angeingia hivyo hivyo," Yonela akasema, macho bado kwa yule ndege. "Bila manyoya. Unamjua alivyokuwa, dada. Angeingia tu."

Anamjua. Anamjua, aliingia, na miaka sitini na miguu imevimba, alibeba mtoto mgongoni tena, alidanganya kanisa zima, alikula uji ili mtoto ale nyama, na huyu mtoto kamzika juzi tu, kamlilia mpaka sauti ikakauka, na mimi nimekuja na gari na chipsi kumwambia hakuwa mama yako, nimfukue, nimzike mara ya pili kama bibi, na huyu nywele ndiyo kwanza zinachomoza... ruhusa ninayo, ndiyo, lakini Mama hakuniambia nitaitaka kwa ajili ya nani, ni mimi ninayetaka kuitwa, mimi, miaka kumi na sita ninataka... na Thobela huyo anakuja na vifurushi vyake vya karatasi, mafuta yamepenya, nyusi juu, umeshamwambia? na pengwini hawajasogea hata mmoja, na Nozuko akamtikisia kichwa mumewe, kidogo tu, akavua kofia yake akamvisha Yonela, kichwa chake kikabaki wazi juani.

"Angeingia," akasema. "Mama yetu angeingia."