Bi Loreta Anataka Kurudi Nebraska

Usiku wa kuamkia Jumapili niliota nimeitwa stesheni ya Makambako na wahusika wa riwaya ninayoipenda kuliko zote. Ni riwaya ya Kimarekani, ya mjane mmoja, Bi Loreta, na farasi wake huko Nebraska. Nimeisoma mpaka jalada limeng'oka. Katika klabu yetu ya wasomaji pale Iringa, mimi ndiye mtaalamu wa Marekani. Sijawahi kufika hata uwanja wa ndege.

Nawakuta wamekalia mabegi yao. Wanangoja treni ya kurudi kwao.

"Tumechoka kuishi kichwani mwako," anasema Bi Loreta. Sauti ni ya shangazi yangu wa Ifunda, kwa kuwa ndiyo niliyompa tangu sura ya kwanza.

"Shikamoo, mama. Kwani nimekosa nini?"

"Marahaba. Muulize farasi."

Farasi anageuka. Mimi farasi sijawahi kumwona kwa macho, basi nilichukua punda wa jirani nikamrefusha miguu.

"Masikio haya ni ya nani?" anauliza kwa upole.

"Ya punda wa Mzee Kikoti."

"Mwambie aje ayachukue."

"Na theluji je?" anadakia Bi Loreta. "Mwandishi kahangaika kuieleza, wewe ukatumwagia sembe. Kila Desemba tunakohoa."

Kweli, sembe inaanza kudondoka kutoka mawinguni. Mkuu wa stesheni anatoa ungo na kuanza kuchekecha. Hashangai hata kidogo.

Treni inapiga honi. Hawa wakiondoka, nitabaki na karatasi tupu.

"Mama, usiende," nasema, na machozi yananitoka mbele za abiria. "Nakupenda. Nebraska yangu ni mbovu, najua, lakini sina nyingine."

Bi Loreta anaweka begi lake chini. "Basi tupe baridi ya kweli tuone."

Nafumba macho na kutafuta baridi kali kuliko zote ninazozijua. Napata moja tu: friza la muuza samaki, siku ile nilipoingiza kichwa kuchagua sato. Nikifumbua macho, stesheni yote imekuwa friza. Barafu imeshika reli na treni haiwezi kusogea. Farasi anapiga chafya kwa furaha. Sato wawili wanapita angani, lakini hakuna anayelalamika.

"Hii sasa ni Nebraska," anasema Bi Loreta huku meno yakigongana. "Nimekubali, nakaa. Ila, mwanangu, nitafutie kitu cha kujifunika."

Niliamshwa na mke wangu, Sekela. Alikuwa ameketi kitandani anatetemeka, akipapasa huku na huku.

"Baba Lusajo, blanketi liko wapi?"

Tulitafuta uvunguni, tukatafuta mpaka jikoni. Mlango ulikuwa bado na komeo. Sekela alinisema mpaka chai ikapoa, nami nikakaa nimejikunyata, nina furaha isiyo kifani. Bi Loreta hakuondoka.