Hakuna Anayepinga

Watu wa Nebraska, kule Marekani, wana adabu ya kuudhi. Mtu asipokubaliana na jambo hukaa kimya, akakodolea macho kikombe chake cha kahawa, kisha akaenda kulalamika kwenye maegesho ya magari. Daktari Colleen Hruska alikulia huko huko, na siku ile kikaoni adabu hiyo ilimshinda.

Hospitali ilikuwa imeunda kamati ya mishahara ya madaktari, na kwa mbwembwe nyingi ikawaweka humo madaktari wanne, Colleen akiwemo, eti wajiamulie wenyewe. Wajiamulie nini? Mpango uliletwa umeshapikwa na kupakuliwa. Kila kazi ilikuwa na pointi zake, na pointi ndizo mshahara. Upasuaji wa kubadilisha goti, pointi tele. Kukesha na mama mwenye uchungu, pointi za kubabaishia. Emil Vrbka, daktari pekee wa uzazi katika kaunti nzima, angepoteza theluthi ya mshahara wake. Alishasema kwamba mpango ukipita atahamia mjini Omaha, na wajawazito wangebaki kusafiri kwa saa mbili kwenye theluji.

"Kama hakuna anayepinga," alisema mkurugenzi, Grant Tillotson, akisogeza sahani ya vitumbua vya jamu, "basi tumeafikiana."

Vikombe vikaangaliwa.

"Mimi napinga," alisema Colleen.

Tillotson akatabasamu kama aliyekanyagwa kidole. "Tumekusikia, Colleen. Kuna mwingine?"

Colleen akamgeukia Todd Brandt, daktari wa mifupa. "Todd, asubuhi pale nje uliniambia nini?"

Todd alikuwa anatafuna. "Nilisema niko nawe. Sikusema nitaongea."

"Hivi nyie mna haya kweli? Huyo Emil si ndiye aliyemzalisha mkeo?"

"Jamani, tusifike huko," alisema Tillotson. "Tuandike tu kwamba mpango umepita, madaktari wakishirikishwa kikamilifu."

"Lifute jina langu!"

"Haiwezekani. Jina lako ndilo linaloonyesha kwamba mmeshirikishwa."

Colleen alitoka akiubamiza mlango, jambo ambalo halijapata kutokea katika jengo lile. Wangemwita wa nini, kama si kumfanya pambo? Afadhali wangemwibia mchana kweupe kuliko kumshikisha gunia la mwizi.

Alimkuta Emil wodini, akinawa mikono.

"Najua," Emil alisema kabla Colleen hajafungua kinywa. "Todd amenipigia simu sasa hivi. Kasema mmepigana kufa na kupona, nyote wanne, mkazidiwa nguvu."

"Emil, hakuna aliyepigana! Nilisema peke yangu. Todd alikuwa anakula vitumbua!"

Emil alifunga bomba. Akasimama pale, maji yakimchuruzika viwikoni.

"Nami nimemshukuru," alisema. "Nimemshukuru mpaka nikalia."