Karatasi Mbili za Ndege Moja

Karani wa mizigo alijumlisha mara ya nne, na mara ya nne kikokotoo kikampa majibu mawili. Mezani pake palikuwa na karatasi mbili za uzito. Ya kwanza ilitoka kwenye jalada la ofisi: ndege tupu, kilo 987. Ya pili ilitoka kwenye mfuko wa mlango wa ndege yenyewe: kilo 1,031. Na ndege ilikuwa moja tu, ile ya viti sita iliyosimama nje ya dirisha.

"Imenenepa, au?" alijiuliza.

Rubani, ambaye uwanja mzima ulimwita Haraka, akacheka. "Shika ile ndogo, dada. Mbona tunaruka nayo siku zote?"

Kwa karatasi ndogo, ukiweka mafuta, rubani, abiria watatu na maboksi ya dawa za zahanati, zilibaki kilo thelathini na tatu kufikia kikomo. Kwa ile kubwa, walizidi kilo kumi na moja. Saini iliyotakiwa chini ya fomu ilikuwa yake, naye hakujua ashike lipi, aache lipi. Na kule kwenye benchi, mkoba magotini, alikaa mama mkwe wake, abiria wa kwanza kwenye orodha, akienda kumwona bintiye aliyejifungua juzi.

Akamwita fundi. Fundi akavaa miwani, akazisoma karatasi kwa kidole.

"Hii ya jaladani si ya ndege hii. Tazama herufi ya mwisho ya namba ya usajili: P. Yetu ni B. Hii ni ya ile mwenzake iliyouzwa."

Karani akapigwa na butwaa. Karatasi hiyo amekuwa akiinakili kwa miezi minane! "Basi ya ndani ndiyo ya kweli?"

Fundi akajikuna shingo. "Ilikuwa ya kweli. Kabla sijafunga viti viwili vya nyuma na redio mpya."

"Uliandika wapi?"

"Nilimwambia bosi."

Kichwa kikazidi kumzunguka. Alikuwa na karatasi mbili, na hakuna hata moja ya kushika. "Basi tuipime yenyewe," akasema.

Haraka akalalamika weee, lakini mafuta yalikuwa bado hayajatiwa, na mizani ya magurudumu ilikuwepo karakanani. Wakaisukuma ndege juu yake. Kilo 1,052. Akajumlisha mara ya tano: safari imezidi kilo thelathini na mbili.

"Tupunguze mafuta?"

"Tuendako hayauzwi," alisema Haraka, safari hii bila kucheka. "Ninayobeba ni ya kwenda na kurudi."

Dawa zilisubiriwa. Nesi, abiria wa pili, ndiye aliyekabidhiwa dawa hizo. Mwalimu, abiria wa tatu, alikuwa na mtihani wa kusimamia kesho asubuhi. Karani akaitazama orodha kana kwamba jina lingine lingechomoza lenyewe, kisha akaenda kwenye benchi na kuchuchumaa.

"Mama, samahani sana. Itabidi uende kesho."

"Mimi? Si ulinipima mwenyewe, ukasema niko sawa?"

"Uko sawa, mama. Ndege ndiyo nzito kuliko tulivyodhani."

Mama mkwe akaiangalia ndege, akamwangalia mkwewe. "Ndege ina uzito wake, na wa kushuka ni mimi?"

Karani alimtoa kwenye orodha, akaandika 1,052 kwa kalamu nyekundu, akatia saini. Ndege ikaondoka na nesi, mwalimu na dawa, ikaacha ardhi kwa mbio fupi kuliko kawaida.

Mama mkwe akauliza, "Na hiyo miezi minane, mlikuwa mnarushaje?"

"Sijui, mama," alisema karani. "Hata mimi sijui."

Mama mkwe akajisogeza na mkoba wake, akampisha akae.