Klé ya Produit

Kompyuta ya kooperative, ushirika wa wachimbaji wa Kapata, Kolwezi, ilikuwa nzima, mpaka Adèle Muteba, karani wao, alipoikubalia mfumo mpya. Wiki mbili ilimbembeleza, kila asubuhi ikimwambia mpya ni bora kuliko wa zamani, naye akabonyeza ndiyo. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kesho yake haikuwaka tena.

Rais wa kooperative, Tata Ngeleka, hakupaza sauti alipompa mpaka saa sita mchana.

"Mama Adèle, kama mupaka midi mashini haiyafunguka, utabeba sakoshi yako na kurudia kwenu Lubudi."

Adèle alikuwa na watoto watatu, na mume aliyesubiri kuitwa kazini na kampuni ya madini kwa mwaka wa pili. Akachomeka flashi, akaanza kuusimika mfumo upya. Saa nne na nusu skrini ikadai, kwa Kifaransa safi, "clé de produit", yaani ufunguo wa bidhaa.

Kwingineko duniani hayo ni maneno ya kawaida: mashine inataka namba ya leseni. Lakini Kolwezi produit ni madini, shaba na kobalti iliyolala kwenye magunia ndani ya depo. Na ufunguo wa depo ulining'inia shingoni mwa Tata Ngeleka kwa kamba ya kiatu. Rais aliyemtangulia aliupoteza, magunia yakakutwa yamejaa udongo, wachimbaji wakamng'oa siku ileile.

"Nani alipasha hii mashini habari ya produit yetu?" aliuliza Tata Ngeleka, mkono kifuani penye ufunguo.

"Tata Prezida, haiko ile produit. Inaomba numero."

"Inaomba klé. Mi najua kusoma Français."

Adèle alieleza tena na tena. Bahati nzuri, chini ya swali palikuwa na njia ya kutokea: unabonyeza palipoandikwa "sina ufunguo wa produit", unaendelea, na mashine iliyokwisha kupewa leseni inajitambua yenyewe ikipata intaneti. Akamwonyesha. Hapo ndipo alipoharibu.

"Iandikwe mi siko na klé? Mu biro yangu?" alisema Tata Ngeleka, akiionyesha ofisi yake kwa mkono.

"Haiko weye, Tata. Ni mi nabonyeza."

"Kwa jina ya kooperative. Hapana."

Saa sita kasoro robo simu ya rais ikaita, akatoka nje kuongea. Adèle, roho juu, akabonyeza. Intaneti ilikuwa ya simu yake mwenyewe. Zilibaki dakika mbili tu saa sita igonge, skrini ilipotangaza kwamba mfumo umeamilishwa, na machozi ya furaha yakamlengalenga. Kazi imepona, aliwaza.

Tata Ngeleka akarudi, akaitazama skrini.

"Ilifunguka namna gani?"

Adèle alikuwa mwimbaji wa kwaya, uongo haukumtoka kirahisi.

"Nilibonyeza pale, Tata."

Mzee akavuta kiti, akakaa, akamwambia aandike barua. Ilikuwa fupi. Karani alitangaza kwa maandishi, bila ruhusa, kwamba rais hana ufunguo wa produit. Kwa hiyo kazi yake inakoma leo midi. Adèle aliichapa yote, akasahihisha makosa mawili ya Kifaransa ya rais, akatoa nakala mbili na kutia sahihi kwamba amepokea. Mashine haikukwama hata mara moja.