Bata wa Kibarazani

Opal alivuliwa gauni lake Ijumaa jioni, siku moja kabla ya gulio la mtaa, na aliyemvua alikuwa Garth.

Opal alikuwa bata bukini wa zege. Kimo chake kilimfikia mtu mzima magotini, na alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha akina Brubaker tangu Nadine, dada yake Garth, akiwa darasa la pili. Mama yao, Lenora, ndiye aliyemnunua, na ndiye aliyemshonea nguo zote. Desemba Opal alivaa kofia nyekundu na skafu. Mvua za Aprili zikianza, alivishwa koti la njano lenye kofia yake. Siku Nadine alipohitimu chuo, Opal alivaa joho jeusi, na madereva waliopita Mtaa wa Kessler walipiga honi.

Gauni alilovuliwa Ijumaa hiyo lilikuwa la mioyo myekundu, la Siku ya Wapendanao. Mama alimvika siku ya kwanza ya Februari. Tarehe kumi na tisa mama akafariki. Machi ikapita, Aprili ikaja na mvua zake ikapita, Mei ikaisha, na hakuna mtu katika nyumba ile aliyethubutu kugusa vifungo vya gauni lile. Mioyo ilipauka kwa jua mpaka ikawa kama madoa ya chai.

"Hatuwezi kumuuza mtu kavaa Februari na sisi tuko Juni," Garth alisema, akilikunja gauni mara mbili, kisha mara ya tatu. Alijaribu kucheka. Hakumtazama dada yake.

Nadine alitaka kusema, "Basi asiuzwe."

"Ndiyo," alisema. "Kweli."

Garth akambandika Opal karatasi ndogo ya bei, dola kumi, akaenda kupanga meza.

Nyumba ilikuwa imeshapata mnunuzi, na funguo zingekabidhiwa Jumatatu. Baba yao, mzee Delmar, alikuwa anahamia kwenye nyumba ya vyumba viwili karibu na kwa Garth, mahali pasipo na ngazi za kumsumbua magoti. Ili kusiwe na ugomvi, Garth alikuwa ameweka utaratibu. Alinunua selotepu ya buluu, ile wanayotumia wapaka rangi, akakata vipande vitatu virefu na kumpa kila mmoja chake. Anayetaka kitu akibandike selotepu na kuandika jina lake. Mwisho Alhamisi. Kisichokuwa na selotepu kitatoka nje Jumamosi kiuzwe.

Lakini wao hawakuwa watu wa kugombana. Hilo ndilo lililokuwa tatizo lao. Katika nyumba ile, kipande cha mwisho cha pai kilikaa kwenye sahani mpaka kikakauka, kila mtu akimwachia mwenzake. "Chukua wewe." "Hapana, mimi nimeshiba, chukua wewe." Mwishoni mama alikuwa anakitupa kwa hasira na kusema kwamba ameolewa kwenye ukoo wa watu watakaokufa njaa mbele ya chakula.

Jumanne Nadine alikuwa amekata kipande kidogo cha selotepu, cha mraba, akakibandika nyuma ya shingo ya Opal, akaandika jina lake kwa herufi ndogo. Alisimama pale akakitazama. Akamfikiria baba, ambaye kila asubuhi alipotoka kuchukua gazeti alimpigapiga Opal kichwani bila hata kumwangalia. Akamfikiria Garth, mwenye watoto wawili ambao wangegombania zamu ya kumvalisha. Yeye je? Yeye alikaa peke yake, ghorofa ya tatu, wala kibaraza hakuwa nacho. Saa moja baadaye alirudi akakibandua kile kipande, akakifinyanga kikawa kijidonge, akakitia mfukoni.

*

Gulio lilipangwa kuanza saa mbili asubuhi, kwa hiyo watu walifika saa kumi na mbili na nusu. Mtaa mzima ulikuwa umetoa vitu vyake kwenye nyasi za mbele: meza za kukunja, baiskeli za watoto waliokwisha kuwa baba za watu, taa zisizo na vivuli, mabeseni ya vitabu. Upande wa pili wa barabara kulikuwa na msichana aliyeuza maji ya limau. Baba alivaa shati la kanisani. Hakuna aliyemwambia avae hivyo.

"Hii mashine ya mkate inafanya kazi?" aliuliza mwanamume mmoja mwenye kofia ya kuzuia jua.

"Inafanya kelele," baba alimjibu. "Mkate sijawahi kuuona."

Watu walicheka, na Nadine alimwona baba akitabasamu kidogo. Tangu msiba kila aliyemuuliza hali alijibiwa, "Niko sawa," kisha akaulizwa yeye kuhusu gari lake au mbwa wake. Hata jina la mama hakulitaja. Alisema "yeye", au hakusema kitu.

Karibu saa tatu Wilma Stauffer alivuka barabara akisukuma toroli tupu. Alikuwa jirani wa nyumba ya mbele, mjane wa miaka sabini na kitu, mwanamke mwenye mikono mikubwa na sauti iliyofika mbali. Alisimama mbele ya Opal.

"Masikini, mmemwacha uchi," alisema.

"Ni joto, Bi Wilma," Garth alisema.

"Kuna mtu anamchukua huyu?"

Nadine alikuwa ameshika vikombe viwili. Alivitazama.

"Sema wewe, Delmar," Wilma alisema. "Ni wako."

"Aa, mimi nakwenda kwenye vyumba viwili," baba alisema. "Nadhani vijana walikuwa..." Akawaonyesha kwa kidevu.

"Mimi hapana," Garth alisema haraka. "Namaanisha, kama Nadine..."

Wote watatu wakamgeukia. Yule bata naye, kama ilivyotokea, alikuwa amemwelekea.

"Hapana, mimi... ghorofa ya tatu," Nadine alisema. "Kama Bi Wilma anampenda, amchukue."

Wilma aliwatazama mmoja mmoja kama mwalimu anayejua nani kavunja dirisha. "Mna uhakika? Nimemtazama kutoka dirisha la jikoni kwangu miaka ishirini. Nikiosha vyombo, yeye yuko pale. Sitaki aende kwa mtu wa mbali. Lakini kama kuna mtu hapa anamtaka, afungue mdomo sasa."

"Mchukue, Wilma," baba alisema. "Pesa usitoe. Mchukue tu."

Garth na Nadine walimwinua Opal wakamlaza kwenye toroli. Alikuwa mzito kama mfuko wa saruji, na ubaridi wa asubuhi ulikuwa bado umemkaa tumboni. Wilma akageuza toroli, jua likampiga bata ubavuni, na hapo Nadine akaona.

Nyuma ya shingo kulikuwa na doa la mraba, jeupe kuliko zege lililolizunguka. Selotepu yake ilikuwa imebanduka na vumbi la miaka. Hilo alilielewa. Lakini chini ya bawa kulikuwa na doa jingine kama hilo, na karibu na miguu, mahali ambapo mtu angebandika kama hataki ionekane, kulikuwa na la tatu.

Toroli ilishuka kwenye barabara ikigongagonga. Nadine alimtazama kaka yake. Garth alikuwa anapanga upya glasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Akamtafuta baba. Baba alikuwa ameingia ndani.

*

Asubuhi ilisonga. Nadine aliuza vyombo vya pai vya mama kwa dada wawili wa kanisa moja ambao walibishana nani achukue kile kikubwa. Aliuza mapazia. Aliuza sanduku la vifungo, akajuta, na aliyelinunua alikuwa ameshapinda kona. Kila alipoinua macho aliona upande wa pili, kwenye kibaraza cha Wilma, bata amesimama uchi akitazama huku.

Alijiambia kwamba yameisha. Kitu kimetolewa kwa roho safi, mbele za watu. Huwezi kurudi nyuma ukadai zawadi. Na angesema nini? Angeanzaje?

Saa sita baba alitoka na gazeti la asubuhi ambalo lilikuwa halijasomwa. Alipita mlangoni, akakanyaga kibaraza, na mkono wake wa kulia ukashuka wenyewe, kwa mazoea, mahali pale pale. Ukagusa hewa. Baba alisimama. Mkono ulibaki pale chini, vidole vimefunguka kidogo, kama mtu anayemtafuta mtoto katikati ya umati. Kisha akauingiza mfukoni, akatazama barabarani, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Joto limepanda."

Nadine aliweka chini alichokuwa ameshika. Baadaye hakukumbuka kilikuwa kitu gani. Alikwenda kwenye banda la gari, akachukua boksi la nguo za Opal ambalo Garth alikuwa amelisahau chini ya benchi, akavuka barabara.

Wilma alikuwa ameketi kibarazani anakula mkate na nyama ya nguruwe.

"Bi Wilma," Nadine alisema, akakoma. Uso ulikuwa unamwaka moto. Boksi lilikuwa kifuani kwake, amelikumbatia kwa mikono miwili. "Nimekuja kwa sababu... nguo zake zilibaki."

"Ziweke hapo." Wilma alitafuna taratibu. "Ndicho ulichojia?"

Nadine alisikia hatua nyuma yake. Garth alikuwa anavuka barabara, na nyuma yake baba, polepole, akichechemea.

"Kuna nini?" Garth aliuliza. "Umeondoka kama nyumba inaungua."

Nadine alipiga magoti, akagusa alama ya shingoni. "Hii ni yangu. Niliibandika Jumanne nikaibandua." Akagusa ile ya chini ya bawa. "Na hii?"

Garth alijikuna shingo. "Jumatano," alisema. "Nilijua baba angemtaka. Nikaitoa."

Hakuna aliyeuliza kuhusu ile ya miguuni. Baba alikuwa anaitazama.

"Nilifikiri watoto wa Garth," alisema hatimaye. "Au wewe. Nilifikiri ni vibaya mzee kung'ang'ania."

"Mungu wangu," Wilma alisema, akaweka mkate wake chini. "Lenora alikuwa anasema kweli. Mtakufa njaa nyie." Akasimama, akajifuta mikono. "Haya. Mrudisheni kwenu."

Na hapo, kama saa iliyotiwa ufunguo, wakaanza.

"Hapana, Wilma, amekwisha kuwa wako," baba alisema.

"Tumekupa kwa moyo mmoja, Bi Wilma," Garth alisema. "Na mimi kusema kweli, nyumbani kwangu..."

"Kama Garth hana nafasi, basi Nadine," baba alisema, "lakini kama Nadine naye..."

"Namtaka mimi."

Sauti ilikuwa yake, ingawa ilitoka kubwa kuliko alivyotarajia. Msichana wa maji ya limau aligeuka. Nadine alikuwa bado amepiga magoti, kiganja kwenye mgongo wa bata.

"Namtaka mimi," alirudia. "Sina kibaraza. Nitamweka mlangoni, ndani, sijui. Nitamshonea. Cherehani ninayo. Mnisamehe, lakini simwachii mtu. Nimeshachoka kuwaachia watu."

Mbwa alibweka mbali, na mahali fulani mtu alikuwa anajaribu gitaa lisilo na nyuzi zote. Nadine alingoja aone wamekasirika. Alingoja aibu ije, nayo ilikuja, lakini haikumwinua pale alipokuwa.

Baba aliingiza mkono mfukoni akatoa mkunjo mdogo wa selotepu ya buluu, kilichosalia cha kipande alichopewa. Kumbe alikuwa anatembea nacho wiki nzima. Akakata kwa meno, akainama kwa shida huku Garth akimshika kiwiko, akaibandika juu ya ile alama ya miguuni. Kalamu alikuwa nayo kwenye mfuko wa shati. Aliandika NADINE, herufi kubwa, akabonyeza kwa dole gumba kila pembe.

"Haya," alisema.

Garth alivuta pumzi puani, akatazama kando. "Wanangu watakuja kumvalisha," alisema. "Hiyo naitaka mimi. Jumapili moja kila mwezi. Sitaki kujadiliana."

"Njoo nao," Nadine alisema.

"Kama ni siku ya kutaka," Wilma alisema, naye sauti yake ilikuwa imeshuka, "basi na mimi nataka lile koti la mvua. La njano. Nitalitundika dirishani pale jikoni. Siwezi kuosha vyombo nikitazama kibaraza kitupu."

Nadine alifungua boksi, akalitafuta koti, akampa. Wilma aliligeuza akatazama mshono wa ndani, ile mishono midogo iliyonyooka, akapitisha kidole upindoni kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Baba alikuwa anachungulia ndani ya boksi. Alipekua taratibu, joho, skafu, gauni la mioyo lililokunjwa mara tatu. Alilishika hilo kwa muda. Kisha akalirudisha, akatoa aproni ndogo yenye picha za stroberi.

"Juni ni hii," alisema. "Lenora angekuwa ameshamvika tangu juzi."

Alisema jina kama mtu anayekanyaga ngazi asiyokuwa na hakika nayo, na alipoona imemshika, alilisema tena, kwa sauti ya chini, bila kumwambia mtu yeyote. Nadine alimshika bata shingo asiyumbe. Baba alizungusha kamba za aproni nyuma, vidole vyake vinene vikihangaika na fundo, na wote watatu walingoja bila kumsaidia mpaka alipomaliza.